Jidi wa Ukutani

Bakhit alikuja kwangu Awindiri siku chache baada ya arobaini ya mama yake, amebeba kitu kipana kilichofungwa kwa blanketi, na kabla hajaketi nilikwisha kujua ni nini. Alikiegemeza kwenye kabati, akakaa kiti cha karibu na mlango, akashika kikombe cha chai bila kunywa. Bakhit ni mtoto wa marehemu mjomba wangu Rajabu. Nilimbeba mgongoni wakati hajajua kusema neno, na leo ndevu zake zina mvi na binti yake ameolewa, lakini pale mlangoni niliona uso uleule wa mtoto anayeogopa kuuliza. "Dada Safia," akasema mwishowe, "hawa watoto nacheka Jidi."

Habari hiyo nilikuwa nayo. Aliyeianzisha ni Hawa, mjukuu wangu anayesoma Kampala. Siku ya arobaini, kule Koboko, alifunua kitambaa kilichofunika picha ya Jidi, babu mkuu wa ukoo wetu, ukutani, akaipiga picha kwa simu, na simu ikamletea uso uleule kutoka Ulaya, mara tatu, mara nne, kwenye kuta za watu wengine. Ni picha ya chapa, akatueleza, ilichapwa Uingereza enzi za malkia yule wa zamani, nakala nyingi, watu wakinunua na kutundika sebuleni. Na huyo bwana si Jidi Murjan wala si mwanajeshi wa Sudani. Ni Mzungu, mwigizaji wa jukwaani, kavaa mavazi ya mchezo na kupakwa rangi nyeusi usoni ili afanane na mtu mweusi. Vijana walicheka mpaka wakakaripiwa, maana palikuwa msibani. Sisi wazee hatukucheka. Wengine wetu tulimpa salamu mtu yule tangu tulipojua kusimama.

"Mama aliapa mbele yake," Bakhit akaendelea. "Wewe ulikuwako, mimi nilikuwa mtoto. Sasa watoto ya shangazi Mastura naanza tena ile maneno. Nasema kama ile mutu ni ya mchezo, basi kiapo pia ilikuwa mchezo. Dada, mimi naomba unaambia mimi kitu moja tu. Mama alimupa Baba sumu, ao hapana?" Nilimwambia anywe chai yake kwanza. Jibu nilikuwa nalo, nimekaa nalo muda mrefu kuliko ndoa yangu, ila halikuwa jibu la kutolewa kwa ndiyo au hapana. Ilibidi nimrudishe Koboko, kwenye chumba kile, mwaka ule.

Nilikuwa nimemaliza shule Arua, nipo tu nyumbani Oli nangoja matokeo na kugombana na mama yangu juu ya vyombo, ndipo mjomba Rajabu akafa. Tumbo lilivimba, akatapika usiku na mchana, akaenda. Mkewe, Zaitun, akaanza kukaa eda, na mjane wa eda hatoki nje wala haachwi peke yake. Nikapelekwa Koboko kwa Haboba, bibi yetu, niwe mwenzake wa chumbani. Zaitun hakunizidi miaka mingi. Alikuwa mtu wa Adumi, Mlugbara, alisilimu alipoolewa, na sote tulimwita Mama Bakhit. Alikuwa na kicheko kidogo cha puani ambacho hata msiba haukukimaliza, na niseme wazi kwamba nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Chumba chetu kilikuwa sebule ya ndani. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa mshumaa, sanduku la bati, kitanda cha Zaitun na mtoto, mkeka wangu, na zile tabaga za rangi za kufunikia chakula zimetundikwa ukutani. Katikati ya tabaga alining'inia Jidi ndani ya fremu ya kioo, nusu ya urefu wa mlango, amefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua mekundu. Sheikh alimwonya Haboba kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sanamu na picha. Haboba akajibu kwamba malaika waingie tu bila wasiwasi, yeye amemfunika. Ndivyo alivyokuwa Haboba. Hata mbinguni alitaka kupatana nako. Ila kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri kitambaa kiliinuliwa, ubani ukachomwa chini yake, na kila aliyekuwamo nyumbani alisimama mbele ya kioo akasema, "Salaam aleikum, Jidi." Kisha palikuwa na kimya kifupi. Wote walisubiri, vichwa vimeinama kidogo, namna mtu anavyosubiri aliye chumba cha pili amalize kuitikia. Halafu Haboba alisema "Haya," na kitambaa kikateremshwa. Kimya kile sikukipenda hata mara moja.

Mtu mwenyewe alisimama wima, kilemba kikubwa kichwani, joho jekundu, mshipi wa dhahabu, upanga uliopinda mkononi, mguu mmoja mbele. Macho yake hayakukutazama. Yalitazama pembeni, upande wa mlango, kwa hofu au kwa hasira, sikuweza kujua, na kila aliyekaa chumba kile alijikuta naye akigeuka kuutazama mlango. Zaitun alisogeza kitanda chake mbali na mlango huo. Hadithi ya picha ilijulikana na kila mtoto wa ukoo: baba yake Haboba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa serikali pale Arua, na Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao aliacha vitu vingi. Kati ya hivyo mpishi aliona picha hii. Kilemba, upanga, uso mweusi, angekuwa nani kama si Murjan, aliyekuja kutoka Sudani na majeshi, ambaye hakuna aliyewahi kupiga picha yake? Alimwuliza bwana wake, "Huyu ni askari wa Sudani?" Mzungu akacheka, akatikisa kichwa kukubali. Ushahidi wetu wote ulikuwa huo. Watu tulioletwa huku na vita vya watu wengine hatukuwa na sura ya mzee hata mmoja, na tulipopewa moja tuliipokea kwa mikono miwili.

Maneno ya nyumba ile niliyasikia kupitia ukutani, maana jiko lilikuwa upande wa pili na mama mkubwa Mastura hakuwa na sauti ya chini. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Alikuwa akipika gurusa asubuhi, mafuta yanachachatika kwenye kikaango, na huku anawaambia majirani: "Kikulacho iko nguoni mwako. Rajabu alitoka hapa muzima. Alikula bamia ya nani? Tumbo ilivimba namna hii, namna hii." Hakutaja jina. Kisha mikate ileile aliileta chumbani kwetu, moto, imepangwa vizuri chini ya tabaga, akaiweka mbele ya Zaitun bila kumtazama. Tulikula. Zaitun alimmegea Bakhit vipande vidogo. Sote tulijua kinachotakiwa: eda ikiisha, Zaitun arudi kwao Adumi peke yake, na mtoto abaki kwa damu yake. Haboba hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa amezika mtoto wa kiume na hakuwa na nguvu ya kugombana na binti.

Zaitun mwenyewe ndiye aliyeomba kiapo. Ilikuwa desturi ya nyumba ile, na Sheikh angeisikia angetufukuza msikitini wote. Aliyeshukiwa alisimama mbele ya Jidi, akaweka kiganja cha kulia juu ya kioo, akataja jambo lake na kusema, "Kama nadanganya, Jidi unionyeshe." Akiondoa mkono, kioo kikawa safi, basi yamekwisha, na aliyemshuku lazima ale chakula kilichopikwa na mkono uleule. Kioo kikibaki na alama ya kiganja, huyo ni mwongo. "Mimi nataka Jidi," Zaitun alimwambia Haboba siku ile, amekaa sakafuni, mtoto amelala mapajani. "Eda ikiisha, Alhamisi ya kwanza. Nyinyi wote hapana jua mimi. Yeye najua." Haboba alimtazama sana, kisha akakubali.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini alisema hivyo. Mchana, mvua zilipoanza kushika na nyumba nzima imelala, nilikuwa nalala kwenye mkeka macho yamefungwa nusu, na Zaitun alikuwa anaongea. Aliongea Kilugbara, polepole, ameketi ukingoni mwa kitanda akielekea kile kitambaa. Alimweleza habari ya Rajabu, habari ya tumbo lile, habari ya mama yake wa Adumi. Alinyamaza, akasikiliza, kisha akatoa kile kicheko chake cha puani, kama mtu aliyejibiwa jambo la kuchekesha. Siku moja, amenyamaza hivyo, nilikiona kitambaa kikiingia ndani, kikabonyea kwenye kioo pale penye uso, kikakaa, kisha kikaachia. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua. Nilijiambia ni upepo wa darini, na nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba upepo wa darini haufanyi hivyo.

Eda ilipokaribia kuisha Haboba alinituma nifute vumbi la Jidi kwa ajili ya siku hiyo. Nilifunua kitambaa peke yangu asubuhi, jua likiingia moja kwa moja, na hapo niliona mkono wake wa upanga. Weusi ulishuka kutoka kwenye vidole, ukafika kwenye kifundo, ukakoma. Juu yake kidogo, kabla ya mkono wa joho, palikuwa na ngozi nyeupe. Haboba alikuwa akituambia ile ni bangili ya fedha. Lakini mimi ule mstari niliujua. Shuleni tuliwahi kucheza mchezo, nikapewa kuwa bwana Mzungu wa serikali, wakanipaka unga wa muhogo uso mzima na viganja, na nilipoinua fimbo kuamrisha watu, mkono wa shati ukapanda na shule nzima ikaona unga ulipoishia. Walicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Niliangalia nyuma ya sikio la Jidi: napo weusi haukufika. Ukutani kwetu alikuwa mtu aliyepakwa rangi, amesimama akijifanya mtu mwingine, na miaka yote ile tulikuwa tukimpa salamu na kungoja aitikie. Nilirudisha kitambaa upesi. Nilichoogopa hasa ni hiki: kama yule hakuwa Murjan, Zaitun alikuwa anaongea na nani?

Nilidhani nina habari njema. Zaitun alikuwa anachambua bamia kavu kwenye ungo, na mimi, kwa ujana wangu na elimu yangu ya juzi, nikamwambia asiogope Alhamisi. Nikamweleza unga, mstari, sikio. "Ni mutu amepakwa rangi tu, Mama Bakhit. Hapana Jidi. Weka mukono, sema maneno, ondoka. Hakuna kitu pale." Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Nilingoja ashushe pumzi. Badala yake uso wake ulilegea wote, machozi yakamwagika juu ya bamia, na alilia bila sauti, ameuma ncha ya kanga, kama vile tangu Rajabu afe hakuwa amelia bado.

"Hii miezi yote mimi nasema kwa nani?" akaniuliza. "Safia, mimi hapana na mutu hapa. Nyinyi iko na damu yenu. Mimi ilikuwa na yeye tu. Alinisikia. Mutu moja katika hii nyumba alikuwa najua mimi hapana ua bwana yangu, na sasa wewe unasema hakuna mutu." Nikajaribu kusema kwamba basi hakuna pia wa kumwadhibu. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kuadhibu mimi kwa nini? Nilitaka aseme. Nilitaka aseme mbele yao." Kisha alifuta uso, akanishika mkono kwa nguvu. "Usiambie mutu. Mastura akijua, kiapo imeharibika, na mtoto naenda. Apa kwangu." Nikaapa, kwa Mungu, siyo kwa picha.

Alhamisi ile mvua ilinyesha tangu adhuhuri na chumba kilijaa watu na mvuke wa nguo mbichi. Mama mkubwa Mastura alivaa gurbaba yake ya sherehe, akamshika Bakhit mikononi kana kwamba ameshapewa. Ubani ulifuka. Haboba alifunua kitambaa, tukasalimia, tukangoja kile kimya. Zaitun akasogea. Siku zote nilizomjua mikono yake ilikuwa mikavu, lakini sasa niliona jasho liking'aa kwenye kiganja, linatiririka hadi kwenye kiwiko. Mwenye imani angeweka mkono mkavu. Aliyemnyang'anya imani ni mimi, na kioo hakijui tofauti ya jasho la mwongo na jasho la mpweke. Aliweka kiganja. Alisema maneno yote, jina la Rajabu, jina lake, "kama nadanganya, Jidi unionyeshe," na sauti ilikatika mara mbili. Akaondoa mkono. Kiganja kilibaki kwenye kioo, vidole vyote vitano, wazi kabisa.

"Angalia!" Mama mkubwa Mastura alipaza sauti. "Si nilisema? Angalia nyinyi wenyewe!" Bakhit akaanza kulia. Zaitun hakumtazama Mastura wala Haboba, alimtazama yule mtu wa kioo, na sijapata kuona tena binadamu anatazama hivyo kitu kisichoweza kumjibu. Haboba alisogea na fimbo yake. Macho yake yalikuwa yamefifia, basi alichukua ncha ya mtandio akafuta ile alama, namna ya kuihakikisha kabla ya kutoa neno. Alama haikutoka. Akafuta tena. Akapitisha ukucha, kioo kikalia. "Mastura," akasema, "wewe iko na macho. Futa." Mama mkubwa akamrudisha mtoto chini, akalowesha ncha ya nguo yake kwa mate, akasugua kwa nguvu za hasira. Alisugua, akasimama, akasogeza uso karibu. Tulimwona akirudi nyuma hatua, kisha nyingine. Yeye ndiye aliyelisema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo: "Iko ndani."

Alama ilikuwa upande wa pili wa kioo, upande wa picha. Haboba alikaa chini, taratibu, akasema, "Jidi nashika mukono yake," na wanawake wakaanza kulia na kumshukuru Mungu. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na niliona jambo moja ambalo sikumwambia mtu mpaka siku aliyokuja Bakhit. Nilikuwa na maelezo tayari kichwani: mvua, paa linavuja, unyevu nyuma ya kioo, joto la kiganja. Nilitaka sana yatoshe. Lakini Zaitun aliweka mkono wa kulia, na kidole gumba chake kilikuwa upande wa dirisha. Katika ile alama kidole gumba kilikuwa upande wa mlango. Ulikuwa mkono mwingine wa kulia, wa mtu aliye upande wa ndani, umekuja kukutana na wake. Asubuhi ya Ijumaa kioo kilikuwa safi.

Jioni ile Zaitun alipika bamia kavu, na mama mkubwa Mastura alikula kama desturi inavyotaka, mbele ya wote, tonge baada ya tonge, machozi yakimwingia mdomoni. Bakhit alilala kitandani kwa mama yake. Mimi niliitwa Arua matokeo yalipotoka, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazeeka. Zaitun hakuondoka Koboko. Nilipomtembelea hatukuzungumza tena habari ya rangi, ila mara moja tu, tukiwa tunakunywa chai, alielekeza kidevu chake kwenye kitambaa na kuniambia bila kutabasamu, "Yeye najua ulimusema. Yeye hapana kasirika." Sikumaliza chai ile.

Haya yote nilimweleza Bakhit, na chai yake ilikuwa imepoa. "Mama yako alinifunga mdomo," nikamwambia, "lakini sasa siri imetolewa na simu ya mtoto, nami nimefunguliwa. Sikiliza vizuri. Mtu mwenye hatia ukimwambia hakimu wake amekufa, anacheza ngoma. Mimi nilimwambia mama yako, peke yetu, kwamba hakuna hakimu pale. Alilia. Alilia kwa sababu alikuwa na ukweli na mimi nilimwondolea wa kumwambia. Kisha alikwenda kuapa hivyohivyo, anaogopa, mkono unatiririka. Hakumpa baba yako sumu, Bakhit. Watoto wa Mastura waje hapa, nitawaambia usoni." Mzee mzima alilia pale mlangoni, mabega yanatikisika, nami nilimwacha alie, nikampa kanga yangu.

Alipotulia alifungua blanketi, akamgeuza Jidi, akamweka wima mbele yetu katika mwanga wa mlango. Rangi imefifia kidogo. Macho bado yako pembeni. Bakhit alimtazama kwa muda, akasogeza kiganja mpaka karibu na kioo, hakukigusa. "Kama huyu ni Mzungu ya mchezo," akasema polepole, "ile mukono ya ndani ilikuwa ya nani?"

"Sijui," nikamwambia. "Lakini awaye yeyote, alimwamini mama yako kabla yetu sisi wote."